Nifanye nini na maisha yangu? Maswali ninayoulizwa mara kwa mara kuhusu kusudi na mwelekeo

Nimefundisha sekondari kwa miaka 26, na zaidi ya nusu ya miaka hiyo nilikuwa mwalimu wa ushauri na unasihi. Maswali yaliyomo humu nimeletewa ofisini, chini ya mwembe wa shule, ndani ya daladala, hata msibani, na siku hizi kwa ujumbe wa simu usiku wa manane. Nimeyaandika yanavyoulizwa. Wengi wanaouliza ni vijana wa Tanzania waliomaliza shule au chuo, lakini watu wazima nao wapo, na wastaafu pia.

Kusudi la maisha ni nini hasa? Ni sawa na kazi?

Hapana, ingawa vinaweza kukaa nyumba moja. Kazi ni kile unacholipwa. Kusudi, kwa ninavyolielewa mimi, ni lile jambo ambalo ukilifanya kuna mtu anapona, anaelewa, anashiba au anatulia, na wewe mwenyewe kesho unataka kulifanya tena. Namfahamu karani mmoja ambaye mshahara wake unatoka kwenye mafaili, lakini mtaani kwao hakuna ugomvi wa mpaka wa kiwanja unaomalizika bila yeye kuitwa. Watu humfuata jioni akiwa bado hajavua viatu. Kupatanisha watu ndiko kunakomuweka hai, na hajawahi kulipwa hata senti kwa hilo.

Mwelekeo ni jambo dogo zaidi: ni kujua hatua inayofuata. Unaweza kuwa na mwelekeo kabla hujajua kusudi. Wengi huanza hivyo.

Mwalimu, nimelitafuta kusudi langu miaka mitano silioni. Natafutaje?

Nadhani hilo neno "kutafuta" ndilo linalotuchosha. Linatufanya tuamini kwamba kusudi limeanguka mahali, kama funguo nyasini, na asiyeliona ni mzembe. Mimi huuliza swali jingine: watu wakibisha hodi kwako, huwa wanakuja na shida gani?

Fikiria mtaa wako. Yupo anayeitwa usiku mama akishikwa na uchungu. Yupo anayeshika hela za kikoba kwa sababu haijawahi kupungua hata shilingi mikononi mwake. Yupo anayejua kumtuliza mlevi bila kumpiga. Yupo mtoto wa darasa la sita ambaye wazee wote humpelekea simu zao zikigoma. Hakuna aliyewateua. Watu waliwajaribu mara moja, wakasaidika, wakarudi. Huenda wewe hujioni, lakini wanaokuja kwako wameshakuona.

Kwa hiyo chukua daftari la kawaida la shule. Kwa wiki mbili, kila usiku kabla ya kulala, andika mambo matatu: nani aliniomba msaada leo na alitaka nini, nini kilinifanya nisahau saa, nini kilinikera kiasi cha kutamani kukirekebisha mwenyewe. Usiandike ndoto wala mipango, andika yaliyotokea. Siku ya kumi na nne soma yote kwa mkupuo. Msichana mmoja aliyekuwa akiniambia kila mara kwamba hana kipaji chochote alikuta kwamba karibu kila siku kuna mwenzake aliyemwomba amweleze upya somo la darasani. Alikuwa akilifanya jambo hilo tangu kidato cha kwanza, na kwa kuwa halikumgharimu alidhani si kitu.

Swali la tatu, lile la kukereka, wengi hulipita haraka. Nakuomba usilipite. Wangari Maathai wa Kenya alikuwa mtaalamu wa anatomia ya mifugo katika Chuo Kikuu cha Nairobi, kazi nzuri yenye heshima. Alichokisikia kwa kina mama wa vijijini ni kwamba kuni zimekuwa mbali na mito inakauka, na jambo hilo halikumwacha alale. Mwaka 1977 akaanzisha kazi ya kupanda miti pamoja nao. Tuzo ya Nobel ya Amani ilikuja mwaka 2004, miaka 27 baadaye. Katikati hapo kulikuwa na vitalu vya miche, vipigo vya polisi na mahabusu.

Nimepata daraja la nne kidato cha nne, pointi 30. Maisha yangu si ndiyo yameisha?

Hayajaisha, na sisemi hivyo kukubembeleza. Acha kwanza kulitazama daraja, soma cheti chako somo kwa somo. Daraja la nne linaanzia pointi 26 mpaka 33, na humo ndani kuna watu wa kila namna. Mwenye ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini, hata kama ni D tupu, anaweza kuomba astashahada katika fani nyingi. Za afya zina masharti yake ya masomo ya sayansi, kwa hiyo soma mwongozo wa udahili mwenyewe, usitegemee kuambiwa na jirani. Anayetaka kurisiti anaweza kujiandikisha kama mtahiniwa wa kujitegemea na kurudia masomo machache, si lazima yote. Kuna vyuo vya ufundi vya VETA mikoani, na kuna vyuo vya maendeleo ya wananchi vilivyoanza mwaka 1975, ambavyo watu huvisahau kabisa kwa sababu vingi viko nje ya miji mikubwa. Na kwa binti aliyekatiza masomo kwa ujauzito: tangu Novemba 2021 unaruhusiwa kurudi shuleni. Nalirudia kwa sababu bado nakutana na wasioambiwa.

Najua aibu unayoisikia. Watu wanakuuliza matokeo mpaka dukani. Mpe mtu mmoja unayemwamini ukweli wote, na wengine waambie "nashukuru Mungu", halafu pita.

Kabla hujachagua fani, nenda ukaione ikifanyika. Vijana wanajaza fomu za umeme wa majumbani hawajawahi kumshikia fundi hata ngazi. Ukimfuata fundi umeme kwa wiki moja ya likizo, ukimbebea nyaya na kumtazama anavyotafuta hitilafu, utajua mengi kuliko utakayoyapata kwenye mwongozo wowote.

Baba anataka nisome PCB (fizikia, kemia na baiolojia) niwe daktari. Mimi moyo wangu uko kwenye HGL (historia, jiografia na Kiingereza). Nifanyeje?

Hili ndilo lililonichukulia saa nyingi kuliko yote, kwa sababu pande zote mbili huja na machozi.

Anza kwa kuelewa anachokiogopa baba yako. Mzazi anayesema "uwe daktari" mara nyingi anasema "usije ukapata shida niliyoipata". Ameona wahitimu wanakaa barazani na vyeti kwenye bahasha ya kaki. Ameuza ng'ombe, au amekatwa mshahara, ili wewe usome. Ukimjibu kwa habari za moyo wako peke yake, anasikia mtoto asiyejua bei ya unga. Mjibu kwenye hofu yake: HGL inampeleka mtu kwenye sheria, ualimu, uandishi wa habari, uhusiano wa kimataifa, na taja walau watu wawili anaowajua waliopita njia hiyo na wanakula. Ukishindwa kuwapata hao wawili, basi na wewe una kazi ya kufanya kabla ya mazungumzo.

Usiende peke yako. Kwetu jambo zito halipelekwi kwa mzee na mtoto mwenyewe. Mtafute shangazi, mjomba, au yule rafiki wa baba anayemsikiliza, umweleze yeye kwanza, naye akuombee nafasi. Ukiitwa, kaa chini, shukuru kwanza kwa alichokugharamia, kisha sema unalolitaka kwa sentensi chache. Usitaje watoto wa watu wengine. Usiseme "ni maisha yangu", kwa sababu akiisikia hiyo hatasikia tena kitu kingine. Na usitegemee jibu siku hiyo.

Ukumbuke pia kwamba baada ya matokeo ya kidato cha nne mfumo wa mtandaoni wa Selform hufunguliwa, mwanafunzi anaweza kubadilisha tahasusi, yaani michepuo ya masomo alizochagua awali. Kwa hiyo muda wa kuzungumza upo, usiuache uishe kwa kununiana.

Nami nina neno kwa wewe kijana. Mara kadhaa nimekuta mtu anaikimbia PCB kwa sababu fizikia imemshinda kidato cha tatu, akaiita hofu hiyo "wito wa kuwa mwanasheria". Jiulize kweli: ungepata A ya fizikia, bado ungetaka HGL? Jibu likiwa ndiyo, mpigie shangazi simu.

Nina shahada, na mwaka wa tatu sasa naendesha bodaboda. Habari za kusudi si za wenye hela?

Swali hili naliheshimu sana. Mtu mwenye njaa haanzi na kusudi, anaanza na chakula, na asikuonee mtu kwa hilo. Kama pikipiki ni ya mkataba, peleka hesabu ya bosi, maliza mkataba mpaka chombo kiwe chako. Siku kitakapokuwa chako utapata saa mbili za jioni ambazo hazidaiwi na mtu. Hizo saa mbili ndizo ninazotaka tuzizungumzie.

Kijana mmoja wa Morogoro, mhitimu wa ualimu wa hisabati, alianza kuwafundisha watoto wanne barazani kwao kila Jumamosi. Mwaka uliofuata walikuwa kumi na mmoja, na wazazi wakawa wanatoa kidogo. Hadi leo hajaajiriwa, bado anaendesha boda asubuhi. Sitaki kukudanganya kwamba mambo yake yalinyooka. Lakini hisabati haijamtoka kichwani, watoto wanamwamkia "shikamoo mwalimu" barabarani, na siku nafasi ikitangazwa hataingia kwenye usaili akiwa ameshasahau kufundisha.

Edward Said Tingatinga alizaliwa Tunduru mwaka 1932. Alifanya kazi kwenye mashamba ya mkonge Tanga, kisha akaja Dar es Salaam, akatumika kwenye nyumba za watu na kazi nyingine za hapa na pale. Alianza kuchora mwaka 1968, umri wake ukikaribia miaka arobaini, kwenye vipande vya hadibodi, kwa rangi za kupaka baiskeli, kwa sababu ndivyo vilivyopatikana kwa bei anayoiweza. Mwaka 1972 alipigwa risasi na polisi kwa kudhaniwa mtu mwingine, akafariki. Alichora kwa miaka minne tu. Waliojifunza kwake wakaendelea, na leo Oysterbay kuna watu wanaolisha familia zao kwa mtindo unaoitwa jina lake. Namtaja kwa sababu ya zile rangi za baiskeli: hakungoja za wachoraji.

Kuhusu kujitolea bila malipo: ni njia nzuri ya kuingia kwenye fani, lakini weka tarehe ya mwisho kabla hujaanza. Miezi sita inatosha kuonyesha uwezo wako. Nimeona vijana wakijitolea miaka minne, nauli wanakopa, na kila mwaka wanaambiwa "subiri kidogo". Na deni la Bodi ya Mikopo usilifanye siri ya kukutisha. Marejesho yanatakiwa kuanza miezi 24 baada ya kumaliza chuo, na aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara. Wewe ambaye hujaajiriwa, nenda ofisini kwao uulize utaratibu wako. Kukaa kimya kunaongeza hofu kuliko deni lenyewe.

Wenzangu wameshaoa, wamejenga, mimi nina miaka 34 bado napanga chumba. Nimechelewa?

Umechelewa wapi? Nani alikupangia saa ya kufika? Ukitazama hali za watu kwenye simu unaona nyumba iliyopauliwa, huoni mkopo wa kikundi uliopaulia.

Bi Kidude wa Zanzibar aliimba tangu utotoni, akauza hina na wanja, akawafunda wari unyagoni. Majukwaa makubwa ya Ulaya aliyapanda akiwa bibi mzee, na tuzo ya WOMEX, ya muziki wa dunia, akaipokea mwaka 2005. Kimani Maruge wa Kenya aliingia darasa la kwanza mwaka 2004 akiwa na miaka 84, baada ya serikali kufuta ada ya shule za msingi, akakaa dawatini na watoto wa umri wa vitukuu vyake. Alitaka kuisoma Biblia kwa macho yake mwenyewe.

Mungu ameshaniandikia. Si ningoje tu?

Mimi ni mtu wa dini na sitakudharaulia swali hili. Ila tazama namna dini zetu zenyewe zinavyotufundisha kuomba. Muislamu anaswali istikhara akiwa tayari na jambo mbele yake: safari hii, ndoa hii, biashara hii. Anaomba akiwa ameshasimama mlangoni pa jambo. Mkristo anayefunga na kuomba anaambiwa pia aamke alfajiri akalime. Kwa hiyo peleka jambo mahususi kwenye maombi yako, halafu piga hatua moja.

Na yeyote atakayekudai fedha ili "akufungulie nyota" au akutabirie kusudi lako, awe na tunguri au na kipaza sauti, muage kwa adabu na usirudi.

Kuna semina ya siku moja ya kulipia, wanaahidi nitatoka najua kusudi langu. Niende?

Ukiwa na hela ya ziada, nenda, huenda ukakutana na watu wazuri. Usikope kwa ajili yake.

Niko Muscat, Oman, kazi za ndani. Nimebakiza miezi minane ya mkataba na sijui nikirudi nitafanya nini. Kila mwezi natuma pesa yote nyumbani.

Mwanangu, anza na hiyo pesa. Kuanzia mwezi ujao tenga sehemu isiyotumwa, hata iwe ndogo, na usiitangaze kwa mtu. Si uchoyo. Ukirudi mikono mitupu baada ya miaka miwili, watakaokulaumu ni walewale uliowatumia.

Kisha hesabu ulichokipata ambacho si riyali. Kiarabu cha jikoni ni Kiarabu. Kupika futari ya watu thelathini na chakula kikatoka kwa wakati ni ujuzi ambao mwenye hoteli Dar es Salaam au Mombasa anautafuta. Kulea mzee mgonjwa kwa mwaka mzima ni ujuzi pia. Andika kwenye karatasi kila unachojua kukifanya leo ambacho hukukijua siku unapanda ndege. Chagua kimoja, na katika miezi hii minane kifanye vizuri zaidi kwa makusudi. Huko Muscat ziko familia nyingi zenye asili ya Zanzibar zinazozungumza Kiswahili. Ukimpata mama mmoja wa kukushauri kwa lugha yako, mshike.

Nastaafu mwakani, nina miaka 59. Naogopa kukaa tu.

Unaogopa kitu cha kweli. Nimezika wenzangu wawili waliostaafu wakiwa na afya njema. Usiyaingize mafao yote kwenye biashara usiyoijua kwa sababu tu unataka kuonekana una shughuli. Anza mwaka huu, ukiwa bado kazini, kile utakachokifanya baadaye: kama ni kuku, wawe hamsini sasa, kama ni kamati ya msikiti au kwaya, ingia sasa. Na wapo vijana mtaani kwako wasiojua hata kuandika barua ya maombi ya kazi. Wewe umeziandika na kuzisoma miaka thelathini.

Sina hamu na kitu chochote. Hata nilivyovipenda sivitaki. Hii ni kukosa mwelekeo?

Inaweza isiwe. Kama hali hii imezidi wiki mbili, usingizi umeharibika, chakula hakipandi au unakula kupita kiasi, unajiona huna thamani, hiyo inaweza kuwa sonona, na sonona ni ugonjwa unaotibika. Daftari langu la wiki mbili halitibu sonona. Nenda hospitali ya wilaya au ya mkoa, uliza huduma ya afya ya akili. Si lazima uwe umefikia kupelekwa Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili ya Dodoma, ndipo usaidiwe, na kwenda huko pia si aibu.

Ukiwa unawaza kujiua, acha kusoma hapa, mwite mtu aliye karibu nawe sasa hivi, mwambie kwa maneno yaleyale: "nawaza kujiua". Usibaki peke yako usiku huu, na mwende hospitali pamoja. Kwa walio chini ya miaka 18 nchini Tanzania, namba 116 hupigwa bure.

Nimewahi kumwambia kijana wa aina hii "jipange, weka malengo". Nilikosea, na najua nilichokuwa sijakijua wakati ule. Ndiyo maana leo hili huwa nauliza kwanza kabla ya yote: unalala?

Kusudi linaweza kubadilika?

Kazi hubadilika. Mwaka 1955 Julius Nyerere alilazimika kuchagua kati ya kufundisha shule ya Pugu na kuongoza chama cha TANU, akaacha ualimu. Akawa waziri mkuu, akawa rais, na nchi nzima ikaendelea kumwita Mwalimu mpaka siku anazikwa Butiama mwaka 1999. Mtu anaweza kuhama ofisi akabaki na lile lile analowapa watu.

Niandike malengo ya miaka mitano?

Andika ya miezi mitatu. Ukiyatimiza, andika mengine.

Mimi ni mzazi. Nimsaidieje mwanangu bila kumchagulia?

Ongozana naye. Mwezi huu mpeleke gereji, mwezi ujao mahakamani akasikilize kesi ya wazi, mwezi mwingine kwa jamaa yako mwenye shamba la mboga, halafu zahanati, halafu bandarini kama mko pwani. Nusu siku inatosha. Mnunulie soda, usimhubirie chochote. Mwombe fundi au karani amweleze siku yake inavyokwenda na jambo linalomchosha zaidi, kisha kaa pembeni.

Njiani kurudi utamsikia. Mahali pengine atakaa kimya anachezea simu. Mahali pengine atauliza swali la kwanza kabla hamjafika kituoni, na la pili kwenye daladala, na usiku wakati wa kula atakuwa bado anauliza.